Nusu Nyingine ya Jiwe la Mwezini

Hyasinta mwanangu,

Umeshuka Mbinga mjini kuagana na Mwalimu Mbwana, na ninavyowajua nyinyi wawili mkianza habari za mawe, hutarudi mpaka jioni. Basi nimepata nafasi. Kahawa iko chanjani, kuku nimeshawafukuza sijui mara ngapi, na kalamu ninayoandikia ni yako, nimeichomoa kwenye begi bila ruhusa. Barua nitaitia humo humo nilimotoa kalamu. Usiisome ndani ya basi ukaanza kulia mbele za watu. Isome ukishafika.

Sikuandikii habari za sweta, wala za kula, wala za kusali. Hayo umeyasikia wiki nzima, hata ukaanza kuitikia kabla sijamaliza kusema. Ninaandika kwa ajili ya lile swali lako. Juzi tukichambua maharage uliniuliza, "Mama, nikifika huko, nimtafute baba?" Nikajifanya nimeona kijiwe kwenye ungo. Jana ukauliza tena, nikakuambia nenda kachote maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa. Ulinitazama tu ukachukua ndoo. Mwanangu, sikukudharau. Mdomo ulikataa. Jibu nitalitoa hapa, ila nipe muda nilifikie, maana mimi mwenyewe asubuhi ya leo nilikuwa na jibu jingine.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nilizaliwa nikisikia mawimbi ya Nyasa, na mpaka leo nikila usipa wa kukaanga, wale dagaa wetu, moyo wangu unateremka wenyewe hadi Mbamba Bay. Nilipoletwa huku milimani kuolewa sikujua kulima ngoro. Wewe umekulia ndani yake, huwezi kujua ugeni wake: mwanamume anafyeka majani na kuyalaza miraba miraba mteremko mzima, kisha mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kufukia majani kwa udongo, ili mvua ikija ikute mashimo na isiuchukue mlima. Siku ya kwanza bibi yako alisimama juu ya shamba akanitazama, kisha akamwuliza mwanawe, "Huyu umempata wapi? Anachimba kama anatafuta fuko." Baba yako hakucheka. Alishuka akanishika mkono wa jembe, akanionyesha, akarudi kwenye majani yake. Majani yake yalilala sawa kama yamepigwa rula. Nilimpenda kwa kazi ile, Hyasinta. Watu husema walipenda macho au sauti, mimi nilipenda majani yalivyolazwa.

Ulikuwa darasa la pili kiangazi kile tuliposikia kishindo mchana, upande wa juu wa Kingerikiti. Wengine walisema ni baruti za watu wa barabara, wengine ndege. Siku chache watu wakaongea, wakaacha. Mvua zilipokuwa zinaisha, niko kwenye ngoro ya juu kabisa, jembe langu likagonga jiwe. Mawe shambani si habari, lakini hili lilikuwa jeusi kama ukoko uliokaa chini ya chungu, na lilikuwa na vibonyeo vidogo kama vya mtu aliyeminya unga uliokandwa kwa dole gumba. Lilikuwa na ukubwa wa boga dogo. Nililiweka kando nikaendelea kulima, maana mstari wa majani ulikuwa bado mrefu. Ni baba yako aliyeliona jioni akasema, "Hili ni mali."

Usimcheke. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kahawa ambayo tangu nifike huku ilikuwa inauzwa kwa chama cha ushirika peke yake, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori. Maduka yalijaa ghafla vitu ambavyo jana yake vilikuwa vya magendo. Na pale mjini palitokea madalali wa mawe, vijana wenye tochi mfuko wa shati, na kila aliyejikwaa kwenye kokoto aliipeleka kwao imulikwe. Baba yako alitaka kuondoka na jiwe asubuhi ile ile. Mimi ndiye niliyesema, "Ngoja lisafishwe."

Hapa ndipo mnaponichekea, wewe na Mwalimu wako, na mna haki. Lakini fikiri nilikuwa najua nini. Nilijua kahawa. Kahawa usipoiosha ule utelezi ukaisha wote, mnunuzi anaishika mkononi, anakunja uso, anakushusha daraja. Kwa hiyo nilichukua mchanga wa kwetu ziwani, ule niliokuwa nao kwenye kifuko kwa kusugulia masufuria, na magunzi ya mahindi, nikakaa kwenye kijito na lile jiwe tangu umande haujakauka. Ngozi yake nyeusi ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Ilitoka. Chini yake likaonekana jivu jivu, na vipande vyeupe ndani yake. Nilifurahi, nikaona ndiyo sasa linatakata. Mkono uliponichoka nikabakiza kiraka cheusi upande mmoja, nikasema mnunuzi ataona kwingine.

Kumbe ile ngozi ndiyo ilikuwa shahidi. Wewe ndiye uliyenieleza miaka mingi baadaye, kwamba jiwe likitoka juu huungua likipita hewani, na wanaoyatafuta mawe hayo huanza kwa kutazama ngozi hiyo. Mimi nilimsugua shahidi akaisha. Basi, hilo ndilo fundisho langu la kwanza na ni fupi: ukipewa kitu usichokijua huko uendako, kiache na uchafu wake kwanza.

Tulipolifikisha mjini, dalali mmoja alilimulika kwa tochi, mwanga haukupita. Akalilowesha mate, akalikwaruza kwa kisu. Akamwita mwenzake aje kuona. "Mzee, hili ni zege," akamwambia baba yako. "Mmelitoa kwenye msingi wa zahanati?" Watu waliokuwa pale wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilicheka pia, kidogo, kwa sababu kweli lilifanana na zege. Sikujua kwamba baba yako alikuwa ananitazama mimi, si wao.

Njia nzima alitembea mbele yangu, jiwe kwapani. Tulipofika aliliweka kizingitini akalipiga nyundo, apate kuona kama ndani kuna kinachong'aa. Likapasuka vipande viwili, na hakikung'aa chochote. Nikadhani yameisha. Asubuhi akasema anakwenda Tunduru, kwenye machimbo, kwa sababu kule wako wanunuzi wanaojua mawe. Alichagua nusu yenye kile kiraka cheusi, akaifunga kwenye shati kuukuu. Kahawa ilikuwa inakaribia kuiva na mimi nilikuwa na hasira yangu unayoijua. Nikamwambia, "Nenda. Lakini usirudi mikono mitupu."

Ulikuwepo. Ulikuwa mlangoni unatafuna hindi, ukasikia. Ulipokuwa kidato cha tatu ulinirudishia maneno yale usoni, "Wewe ndiye uliyemfukuza baba," nami nilichukua jembe nikaenda shamba na wala haikuwa siku ya kulima. Nataka ujue kwamba sikukukasirikia. Ulisema kitu ambacho nami nilikuwa najiambia kila nikipiga magoti. Hasira ni yangu na maneno ni yangu. Ila hata leo sijui kama aliyachukua kama maneno ya mke mwenye hasira, yanayopoa kabla ugali haujapoa, au aliyachukua kama sharti.

Alisema atarudi kabla kahawa haijaiva. Ikaiva, tukaichuma wawili, wewe na kikapu chako kidogo. Dereva wa lori la kahawa alituletea salamu mara moja: mzima, yuko mashimoni, anamsalimu Hyasinta. Baada ya hapo, kimya. Mmoja akasema shimo lilifukia watu. Mwingine akasema alionekana akivuka Ruvuma kwenda Msumbiji na mwanamke. Msimu wa majani ulipofika nilishika fyekeo mwenyewe. Wanawake wenzangu walinishangaa, kulaza majani ni kazi ya mume, nami nikayalaza hivyo hivyo, yakapinda. Tangu hapo ngoro zetu zinajulikana kwa kupinda, na ukipita, mtu wa kijiji cha Ukata atakuambia lile pale shamba la Mama Hyasinta.

Ile nusu iliyobaki nilizuia nayo mlango wa jiko. Wewe ndiye hukuiacha. Uliibeba mpaka shuleni kwa Mwalimu Mbwana, mtu wa Tanga, maskini wa watu, aliyeletwa huku na serikali na hajazoea baridi yetu hata siku moja. Akafunga sumaku kwenye uzi, akaisogeza. Ikatikisika kidogo sana. Akakuambia mawe mengi ya angani yana chuma, sumaku ingerukia, kwa hiyo hili si la angani. Ulirudi umevimba macho. Lakini jioni ile ile, tukiwa jikoni, ukasema, "Mama, kama si la angani, mbona hapa kwetu halina ndugu?" Ukaanza kupita vijito na mabonde mpaka Namswea ukiokota mawe ya kila aina, nyumba ikajaa, mimi nikajikwaa kila siku na kukutukana. Hukupata hata moja la kufanana nalo. Ulipompelekea Mwalimu lile rundo, alilikagua siku nzima, kisha akasema hana jibu na hataki kujifanya analo, akaandika barua chuo kikuu. Ndiyo maana nampenda yule baba.

Waliomba kipande. Wakakikata, wakakisaga kikawa chembamba mpaka mwanga ukapita, wakaona ni mawe madogo madogo yaliyopondwa na kugandamana, na vipande vyeupe, na vishanga vya kioo. Wakakipeleka nje, kwa hao unaowafuata kesho. Ulinieleza hapa motoni na nikakurudisha nyuma mara nyingi mpaka nikashika. Ulisema mawe ya duniani, hata yale makavu, karibu yote yameonja maji mahali fulani. Hili halikuwahi kuonja maji mpaka lilipoanguka kwenye ngoro yangu. Halafu kuna chuma na ndugu yake mmoja ambaye jina lake linanitoka kila nikilishika. Ulisema kila dunia ina kipimo chake cha kuchanganya hivyo viwili, kama kila nyumba na kipimo chake cha unga na maji. Wakapima, wakalinganisha na mawe yaliyoletwa na watu waliokwenda mwezini. Kipimo kikawa kile kile.

Unakumbuka jirani yetu Mama Kandida alivyokuja mbio? Alisimama mlangoni mwa jiko, ameshika kichwa, "Mama Hyasinta! Umezuia mlango kwa mwezi!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Usiku sikucheka tena. Nilitaka kumwambia mtu mmoja tu kwamba ile ilikuwa mali kweli, na mtu huyo hayupo.

Waliposema lazima kipande kikae kwao daima, ili mwenye shaka aende akaangalie mwenyewe, na kwamba jiwe litaitwa kwa jina la mahali lilipookotwa, uliniuliza kwa woga kama wakate. Ulidhani nitakataa. Nilikubali upesi kwa sababu jiwe lenye jina la kilima chetu mtu anaweza kulisikia popote alipo.

Kisha ikaja ile picha. Uliileta kutoka posta ukiwa umeikumbatia, ukaniketisha, ukaanza maelezo marefu kwamba kuna jiwe jingine la mwezini, liko kwa tajiri mmoja anayekusanya mawe, alilinunua kwa mwenye duka ambaye alijua tu kwamba limetoka Afrika. Vipimo vyake ni vile vile. Hata muda liliotangatanga angani kabla ya kuanguka ni ule ule. Hukumaliza. Niliona picha mkononi mwako: jiwe juu ya kitambaa cheupe, kando yake kidude cha mraba kama dadu cha kuonyeshea ukubwa, na ubavuni kile kiraka cheusi chenye ukingo uliopinda pale mkono wangu ulipochoka. Nikasema, "Ni lile la baba yako." Ukaniuliza nimejuaje. Nikakuambia huo ni uvivu wangu, nitausahau vipi? Tukacheka, halafu hatukucheka.

Tangu siku hiyo, Hyasinta, sina amani. Zamani nilikuwa na kimya tu, na kimya mtu anakizoea. Sasa najua nusu ile ilitoka mashimoni, ikashikwa na watu, ikavuka bahari. Ila iliondokaje mikononi mwake? Aliiuza mwenyewe, akacheka, akatia fedha mfukoni, akaenda zake? Au kuna mtu aliyepekua shati la mfu? Hao watu wako wameweza kujua jiwe lilikaa muda gani angani bila mtu wa kulitazama. Jibu la swali langu hawawezi kulisoma kwenye jiwe. Liko kwa mwenye duka tu, na kwa aliyemuuzia, na nyuma yake kwa mwingine, na wewe ndiye unayekwenda karibu nao.

Jibu langu la asubuhi lilikuwa usimtafute. Nilikuwa na sababu nzuri. Unakwenda kusoma, huendi kufuata nyayo za mwanamume aliyeshindwa kutuma hata salamu ya pili. Nilifikiri pia, tuseme yuko hai, ana mke wa kule na watoto wanaojua majani yanavyolazwa sawa, ya nini kuniletea habari hiyo? Nilifikiri hivyo nikigeuza kahawa. Niligeuza kwa nguvu hata nikaimwaga.

Halafu nikafikiri habari ya Novemba. Kila mwaka kwenye Siku ya Marehemu Wote tunaandika majina ya watu wetu, padre anayasoma altareni. Mimi huandika la baba yangu, la mama, la bibi yako. Kisha kalamu inasimama. Mwaka mmoja nililiandika jina lake, nikalikata kabla ya kufika kanisani, nikaona nimemzika kwa mkono wangu. Mwaka mwingine nikamwombea kama msafiri, na nikaona aibu, kwamba labda yuko chini ya mchanga anangoja sala ya marehemu na mke wake anamwombea safari njema. Nimemwombea vibaya miaka yote hii, mwanangu. Sijui hata nimwombee nini.

Basi mtafute. Nimeliandika, na sitalifuta. Soma kwanza, faulu, ukipata nafasi muulize huyo tajiri, na mwenye duka, kwa upole, bila kumdai mtu chochote. Ukiambiwa amefariki niandikie hivyo hivyo, usinizungushe kwa habari za hali ya hewa. Ukimkuta mzima, hata kama ana nyumba nyingine, niandikie pia. Nitalia siku mbili, kisha nitajua sala ya kusema. Yeye mwambie jiwe lilikuwa mali, na kwamba siku ile kwa dalali nilicheka na sikupaswa kucheka. Mengine usimwambie. Kama anataka kuyajua, njia anaijua.

Na sasa wewe. Leo asubuhi nilikuona ukifunga begi, ukakunja nguo zako sawa sawa kama yeye alivyokuwa akifanya kazi, nikatoka nje. Nilikuambia naenda kuangalia mbuzi. Nitakukosa mpaka nyumba itanishinda. Nitakukosa kwenye kikapu cha pili, na kwenye maneno yako marefu pale motoni, na hata kwenye yale mawe ya Namswea niliyokuwa nakutukana kwayo. Sijayatupa. Yako nyuma ya ghala.

Hujui utarudi lini, na kesho stendi utataka kuniahidi. Utasema baada ya mwaka, au masomo yakiisha, au Krismasi. Usiniahidi msimu, Hyasinta. Nimeshaahidiwa. Kaa huko muda unaotakiwa, na siku yoyote ukichoka, ukishindwa mtihani, ukifukuzwa, ukiwa huna hata nauli ya kutoka Songea, panda lori la mahindi uje. Sikuagizi kitu. Sitakuuliza umeleta nini.

Nasikia unaongea na Mama Kandida pale njiani, umerudi mapema kuliko nilivyofikiri. Narudisha kalamu.

Mimi mama yako, niliye nyumbani.